Mkitutajia sehemu za joto, tutajieni na joto la maji

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku ambalo nimelibeba kwa majira matatu ya baridi sasa. Majuma mawili yaliyopita mlichapisha ukurasa mzima wa sehemu za kupeleka familia kukimbia baridi ya Desemba na Januari. Picha zilikuwa nzuri, na chini ya kila picha mliandika namba moja tu: joto la mchana. Nyuzi 21 hapa, nyuzi 24 pale, nyuzi 30 kule. Namba ya aina hiyo ndiyo iliyotuharibia likizo mbili, na najua yupo mama mwingine ambaye ameshaukata ukurasa ule akauweka ndani ya daftari, kama nilivyowahi kufanya mimi. Ndiyo maana nimeona nisinyamaze.

Sisi tuko sita. Mimi na mume wangu, binti yetu ambaye safari ya kwanza alikuwa na miaka 9, mdogo wake wa kiume aliyekuwa na miaka 6, kitindamimba wa miezi 9, na mama mkwe wangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka 69 na magoti ambayo humtesa kila baridi inapoanza. Tunakoishi, mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri. Watoto hutoka shule giza limeshatanda. Kwa watu kama sisi likizo ya joto ndiyo mahali pekee pa kuvuta pumzi katikati ya miezi mitano ya makoti, na fedha yake huwekwa kidogo kidogo mwaka mzima. Familia haina nafasi ya pili ikikosea.

Mara ya kwanza tulikwenda Tenerife, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika visiwa vya Canary. Visiwa hivyo ni vya Hispania, lakini viko karibu zaidi na pwani ya Moroko kuliko na Hispania yenyewe. Tangazo lilisema joto mwaka mzima, nyuzi 21 mchana, na hilo halikuwa uongo hata kidogo. Hoteli yetu ilikuwa upande wa kaskazini. Mwanangu wa miaka 6 alipanda ndege amevaa miwani ya kuogelea kichwani. Asubuhi ya kwanza alikimbia moja kwa moja akajitosa bwawani, na alipoibuka hakulia wala hakupiga kelele. Alinitazama tu, midomo imegeuka rangi, akanyoosha mikono nimtoe. Hakurudi tena bwawani wiki nzima.

Baadaye ndipo nilipojua yale ambayo ningetamani mtu aniambie kabla. Maji hunyang'anya mwili joto kwa kasi ya takriban mara 25 kuliko hewa. Nyuzi 20 za hewa mtu anatembea na shati jepesi na kufurahi. Nyuzi 20 za maji, mtoto mwembamba hukaa dakika chache tu kisha hutetemeka. Bahari ya kule mwezi Januari huwa karibu na nyuzi 19 au 20. Na bwawa lisilopashwa moto linaweza kuwa baridi kuliko bahari, kwa sababu ni maji machache na kila usiku hupoa. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyefikiria kuuliza kama bwawa lile linapashwa moto. Tuliliona kwenye picha, la buluu, tukadhani buluu ile ni joto.

Kisha kulikuwa na mawingu. Katikati ya kisiwa kile umesimama mlima Teide, wenye urefu wa mita 3,715. Pepo za kaskazini-mashariki huja na unyevu wa bahari, hugonga mlima, na mawingu hubaki yamejazana upande wa kaskazini. Upande wa kusini, mwendo usiofika saa mbili kwa gari, ni mkavu na una jua. Kisiwa ni kimoja na wiki ni hiyohiyo. Sisi tulikaa chini ya mawingu.

Lakini katika safari hiyohiyo, mama mkwe wangu alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona tangu niolewe katika nyumba yake. Kila asubuhi alivaa viatu vyake vya kutembelea, akashuka hadi ufukweni na kurudi bila mkongojo. Nyuzi 21 zenye upepo mwororo ndizo alizozihitaji. Joto kali humpandisha presha. Siku ya nne aliniambia, "Mwanangu, leo nimesahau kumeza dawa ya magoti." Alisahau kwa sababu hayakumuuma. Wakati huo mjukuu wake amekaa chumbani amejifunika blanketi, anauliza tunarudi lini nyumbani.

Nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Mahali pamoja, siku zilezile, palimfaa Bibi na hapakuwafaa wajukuu. Basi mtu akiniuliza leo wapi pana joto la kutosha, namwuliza kwanza: la kumtosha nani, naye anataka kufanya nini? Mwenye kutaka kutembea na mwenye kutaka kuogelea hawatafuti joto moja.

Mwaka uliofuata baba watoto akasema safari hii hatutaki vuguvugu. Tukaenda mbali, kisiwa cha Samui nchini Thailand, mwishoni mwa Desemba, nyuzi 29. Maji yalikuwa ya moto kama tulivyotaka. Mvua nayo ilikuwepo, siku baada ya siku, na bahari imechafuka. Thailand ina pwani mbili, na pwani hizo hazipokei mvua pamoja. Upande wa Phuket, magharibi, miezi ya Desemba hadi Machi ni ya ukavu. Samui iko upande wa ghuba, ambako pepo za msimu za kaskazini-mashariki hupita juu ya maji ya ghuba na kumwaga mvua kubwa Oktoba, Novemba na mara nyingi sehemu ya Desemba. Sri Lanka nako ni hivyohivyo: kusini-magharibi hukauka wakati mashariki kunanyesha, na katikati ya mwaka hubadilishana. Kwenye karatasi ya tangazo nchi ilikuwa moja, "msimu wa jua" ukawa mmoja.

Na hata mvua isingenyesha, bado kulikuwa na saa. Kule walitutangulia kwa saa 6. Kitindamimba, ambaye alikuwa ametimiza miezi 21, huingia kitandani saa moja jioni. Saa moja jioni ya kwetu ni saa saba usiku ya kule. Kwa hiyo saa sita usiku, hoteli nzima imelala, mwanangu amekaa katikati ya kitanda anapiga makofi. Kulipokucha na wakubwa wako tayari kwa ufukwe, yeye ndiyo kwanza amezama usingizini. Mimi na mume wangu tuligawana usiku kama walinzi wa zamu. Inasemwa mwili huhitaji karibu siku moja kwa kila saa moja ya tofauti, na kwa mtoto wetu hesabu hiyo ilitimia kabisa: siku ya sita alilala vizuri, siku ya kumi tukapanda ndege kurudi, tukaanza upya nyumbani wakubwa wakiwa wamerudi shule.

Mama mkwe wangu naye alifika miguu imevimba, kwa kuwa ndege ya pili peke yake ilichukua saa 11 na aliona haya kuwaamsha abiria wa pembeni ili apite. Safari yoyote inayozidi saa 4 za kukaa huongeza hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu, na mzee anapaswa kuinuka, kutembea kwenye njia ya ndege, kuchezesha vifundo. Vidonge vyake vya presha vilituchanganya zaidi. Alikuwa akivimeza kwa saa ya nyumbani, kisha akageuza kwa saa ya kule, siku moja akameza mara mbili. Hakudhurika, namshukuru Mungu, lakini nililia bafuni. Ningemwuliza daktari wake wiki moja kabla, angeniandikia ratiba kwenye karatasi.

Hapo ndipo nilipofungua daftari. Kwa majira ya tatu sikutazama picha kwanza. Niliandika majina yetu sita, na mbele ya kila jina nikaandika kile ambacho mtu huyo hawezi. Kitindamimba hawezi tofauti ya saa nyingi, na wakati ule sikutaka kumpa dawa za malaria. Mvulana hawezi maji ya chini ya nyuzi 25 au 26. Bibi hawezi joto la kupita nyuzi 28, wala ndege ndefu, wala vilima. Binti yetu anaweza karibu kila kitu, ila hawezi kukaa siku saba bila mtoto wa rika lake. Mume wangu hawezi kupewa likizo nje ya juma la mwisho la Desemba na la kwanza la Januari, ambalo ndilo ghali kuliko yote. Baada ya hapo ramani ilijipunguza yenyewe. Sikuchagua mahali, nilifuta mahali.

Nilianza na Bahari ya Mediterania kwa sababu ni karibu na wengi wetu. Nikaifuta mapema. Watu hukumbuka Agosti ya huko wakasahau kwamba mvua za Mediterania ni za majira ya baridi. Antalya ya Uturuki mwezi Januari ina mvua nyingi, mchana kama nyuzi 15. Kupro ni nafuu kidogo, lakini ni ya kutembea na koti jepesi mkononi. Marrakesh ya Moroko mchana hupendeza na usiku hushuka hadi nyuzi 6 hivi. Chumba kisicho na kipasha joto hapo ni adhabu kwa mzee.

Bahari ya Shamu, Hurghada na Sharm el-Sheikh, ilinivutia sana. Mchana nyuzi 21 au 22, maji yake kama nyuzi 22, matumbawe yako karibu na ufukwe hata mtoto anaona samaki, na Misri ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa haina malaria mwaka 2024. Kilichonizuia ni upepo wa Januari na usiku wake wa nyuzi 10 au 12. Dubai ni joto zaidi kidogo, karibu nyuzi 24 mchana, na mvua ni chache.

Walio upande wa pili wa Atlantiki wana bahati yao. Msimu wa vimbunga wa huko unahesabiwa tangu tarehe 1 Juni hadi 30 Novemba, kwa hiyo Desemba na Januari ni miezi ya amani katika visiwa vya Karibi na Cancun ya Meksiko, na bahari ni ya joto la kweli. Florida inahitaji tahadhari, maana ni ndefu: Miami huwa na nyuzi 24 mwezi Januari, lakini kaskazini ya jimbo hilohilo baridi huweza kufika hadi ya barafu, na hata Orlando hupitiwa na siku za sweta.

Bahari ya Hindi inataka kusomwa kwa makini kuliko zote, na ndiyo niipendayo. Sehemu yake ya kusini, Morisi, Réunion na Madagaska, ina vimbunga tangu Novemba hadi Aprili, vikali zaidi Januari hadi Machi. Yaani likizo yetu huangukia humohumo. Mahé ya Ushelisheli iko karibu mno na ikweta na vimbunga havifiki, ila Desemba na Januari ndiyo miezi yake ya mvua nyingi. Maldivi, kinyume chake, inaingia katika ukavu wake, na ilithibitishwa mwaka 2015 kuwa haina malaria. Zanzibar na pwani ya Kenya ziko kwenye kaskazi, upepo wa Desemba hadi Machi, na bahari hufika nyuzi 28 na zaidi. Kule neno la kuuliza ni maji kupwa na maji kujaa. Pwani ya mashariki ya Unguja maji hukupwa mbali sana, na mtoto aliyeahidiwa kuogelea asubuhi anaweza kukuta mchanga na mwani hadi upeo wa macho. Nungwi, kaskazini, kupwa kwake hakusumbui hivyo. Mwenye nyumba yoyote ya wageni atakwambia ratiba ya maji ukimwuliza, na familia itapanga siku kwa kuifuata.

Suala la malaria kila mzazi ataliamua na daktari wake. Mimi nasema tu muda: kuna dawa za kinga zinazoanzwa wiki mbili au zaidi kabla ya safari na kuendelea wiki 4 baada ya kurudi, na chanjo ya homa ya manjano kwa kawaida hawapewi watoto chini ya miezi 9, tena cheti chake huanza kutumika siku 10 baada ya kuchanjwa. Mtu akikata tiketi leo kwa safari ya wiki ijayo, mambo haya yameshampita. Pasi za kusafiria nazo zitazamwe mwezi huohuo. Nchi nyingi hutaka pasi yenye uhai wa miezi 6 mbele, na pasi za watoto katika nchi nyingi huisha mapema kuliko za wakubwa. Yetu moja ilikuwa imebakiza miezi minne. Tuliigundua mwezi Oktoba, tukawahi.

Jua sikulihesabu mwanzoni, na nawaomba wazazi wasifanye kosa hilo. Mwishoni mwa Desemba jua la mchana husimama karibu utosini katika nchi zilizo jirani na Tropiki ya Kaprikoni, mstari ulio kusini mwa ikweta. Mtoto aliyekaa ndani ya koti kwa miezi miwili ngozi yake haijajiandaa, na mawingu hayamkingi. Samui mvua ilipokatika kwa saa mbili tu, binti yangu aliungua mabega. Kitoto cha chini ya miezi 6 kikae kivulini kabisa, si cha kupakwa krimu na kuachwa juani.

Basi baada ya kufuta kote huko, nilibaki na jina ambalo sikulitegemea: Tenerife. Baba watoto alicheka, akadhani namtania. Nikamwonyesha daftari. Hakuna malaria, saa ni karibu zilezile za kwetu, ndege moja ya chini ya saa 6, Bibi anapajua na anapapenda. Kilichokuwa kimetushinda ni vitu viwili tu, mawingu na maji. Tukachagua kusini. Kisha nikawaandikia watu wa hoteli tatu swali moja: maji ya bwawa lenu yana nyuzi ngapi juma la kwanza la Januari? Wawili walijibu kwamba bwawa ni zuri na wageni hulifurahia. Wa tatu alijibu: nyuzi 27, linapashwa moto tangu Novemba, na lifti inashuka hadi kwenye bwawa. Tulilipa siku ileile, ingawa picha zake zilikuwa mbaya kuliko za wenzake.

Mvulana, ambaye sasa alikuwa na miaka 8, alisimama ukingoni asubuhi ya kwanza na kuchovya kidole cha mguu. Akachovya tena. Halafu akaingia, na saa tano ya asubuhi ilibidi nimtoe kwa amri, vidole vimekunjamana. Bibi alitembea, akarudi, akakaa kwenye kiti chini ya mwavuli akihesabu kwa sauti kubwa mara ngapi mjukuu anavuka bwawa. Kitindamimba alilala saa moja na robo jioni kama nyumbani. Binti alipata rafiki siku ya pili.

Ndugu Mhariri, ukurasa wenu ulikuwa na namba moja chini ya kila picha. Ninaomba nyingine nne: joto la maji katika mwezi huohuo, joto la usiku, siku za mvua kwa upande wa pwani mnaoutaja kwa jina, na tofauti ya saa. Kama mahali pana malaria au ni msimu wa vimbunga, neno moja linatosha. Mwandishi wenu akiuliza hayo atayapata, kwani idara za hali ya hewa huyatunza. Nafasi chini ya picha zile ipo. Nimeipima kwa rula, mistari miwili inaingia.

Msomaji wenu,
Mama wa watoto watatu, ughaibuni